Masenta tulivyopokonywa tuzo ya MVP, na jinsi mdomo wangu ulivyolikata joho langu mwenyewe

Wakuu habari za muda huu. Wazima hamjambo, na mlio wagonjwa poleni, huenda mkicheka mtapata nafuu.

Leo sileti chai ya kutunga. Haya yamenitokea mimi mwenyewe hapa London, na mashahidi ninao. Wengine wanausoma huu uzi sasa hivi kwa ID za siri, na nawajua.

Ni mrefu kidogo. Mwenye haraka aende jukwaa la siasa.

Hoja yangu ni hii: tuzo ya MVP, ile ya mchezaji bora kuliko wote kwenye kikapu, zamani ilikuwa mali ya masenta. Sisi warefu, tunaosimama chini ya ring, tunaokula viwiko kwa niaba ya taifa. Kwenye ile ligi kubwa ya Marekani miaka na miaka ilikuwa senta anampokeza senta mwenzake. Gadi, yule mfupi anayechezea nje, akiipata, watu wanaulizana kulikoni.

Siku hizi tuzo imehamia nje, kwa jamaa wanaozunguka kwenye mstari wa pointi tatu kama wanatafuta parking. Mtaniambia juzijuzi masenta wamerudi kuichukua. Sawa, lakini ni masenta gani hao? Wanapiga pasi kama magadi, wanarusha toka mbali kama magadi. Senta karudi kwenye tuzo baada ya kukubali kuwa gadi mrefu.

Mimi mabadiliko haya hayakuniumiza kwenye TV. Yaliniumiza kwenye arusi ya mwanangu. Kaeni sawa.

Mimi ni mtu wa Dar, nina futi sita na inchi tano, umri hauwahusu. Siku za mechi ni steward kule uwanjani Wembley, siku nyingine nafanya care kwa wazee. Kwa wasiojua, steward anasimama ameupa uwanja mgongo, anaangalia watu. Nimehudhuria fainali kibao na sijaona goli hata moja. Nasikia kelele, halafu nasoma sura za watu nijue nani kafunga.

Jumamosi asubuhi nacheza kikapu na klabu yetu ya Waswahili, kwenye ukumbi wa shule moja huku Tottenham. Tupo Waunguja, Wapemba, watu wa Tanga, wa Dar, na wawili watatu wa Mombasa. Karibu wote tumevuka arobaini. Tuna wachezaji kumi na wawili na kati yao makocha saba.

Mwenyekiti ni Mzee Haji, Mpemba, karani mstaafu wa council, halmashauri ya huku. Huyu mzee anaipenda katiba ya klabu kuliko mpira wenyewe. Ameiandika kwa mkono wake, ina kurasa kumi na nne, na kuna kifungu kizima kuhusu maganda ya machungwa.

Sasa, tuzo yetu ya MVP si kikombe. Ni joho.

Joho hasa, jeusi, lenye darizi ya dhahabu kuanzia kifuani mpaka chini. Darizi aliifanya marehemu mke wa Mzee Haji, mwaka ule klabu inaanza. Mshindi anavishwa kwenye chakula cha mwaka, analala nalo kwake mwaka mzima, na ikitokea shughuli nyumbani kwake analivaa yeye. Katiba inasema halivaliwi na mwingine yeyote.

Na lilishonwa kwa kipimo changu. Sijisifu, ni historia. Mwaka ule kila mtu alijua atakayeshinda ni nani, kwa hiyo Mzee Haji akaona asipoteze muda, akanipeleka mimi kupimwa.

Nililichukua mwaka wa kwanza, wa pili na wa nne. Wa tatu alilichukua senta mwingine, marehemu sasa, Mungu amrehemu, alikuwa ananikanyaga makusudi.

Ile siku ya kwanza binti yangu Nasra alikuwa na miaka sita. Tukirudi kwa basi akasinzia, nikamfunika joho. Asubuhi alikataa kulitoa. Akasema atalirudisha kwa sharti moja, kwamba siku akiolewa nilivae. Nikamwapia. Mtoto wa miaka sita unamwapia chochote ili akaoge.

Baadaye kila nikisuka mpango wa kustaafu kikapu ananikumbusha, "Baba, the joho." Kwa hiyo wanaoniuliza kwa nini nisinunue jingine dukani nikamaliza kesi, hamna watoto wa kike.

Tuendelee.

Zikafika zama za magadi. Akaja Sule, Muunguja, mfupi, kifua mbele, anafanya kazi ofisi ya nyumba ya council. Mstaarabu sana, anaamkia kila mtu, na hilo ndilo lililokuwa linaniudhi zaidi. Anarusha pointi tatu kutoka mahali ambapo enzi zetu ungetolewa ukapumzike.

Lakini Sule si tatizo peke yake. Tatizo ni kura.

Zamani tulikuwa tunapiga kura hapo hapo ukumbini, kwa kunyoosha mikono, tukiwa tunanuka jasho. Tuliopigana ndio tuliochagua. Baadaye Mzee Haji akaleta demokrasia. Kila mtu mzima kwenye familia ya mwanachama apige kura, amtumie yeye inbox, matokeo yasomwe kwenye chakula. Hao wengine hawaji mechini. Wanaona klipu kwenye group.

Hata kule Marekani ilikuwa hivyo hivyo, msidhani natunga. Mwanzoni wachezaji wenyewe ndio waliokuwa wanapiga kura ya MVP. Ikaja kuhamishiwa kwa waandishi wa habari. Muda huo huo mstari wa pointi tatu ukachorwa, baadaye sheria za kumshika gadi zikalainishwa, TV ikanogewa. Mtu anayeziba njia haonekani kwenye TV. Anaonekana anayepita.

Kwetu ilikuwa mbaya zaidi. Simu ya kurekodia ilikuwa inasimamishwa pembeni katikati ya ukumbi, na kati ya simu na ring kuna magodoro ya gymnastics ya watoto wa shule yamepangwa mlima mzima. Shule imekataza kuyagusa. Kwa hiyo kila kinachotendeka chini ya ring kiko nyuma ya magodoro. Rebound, ule mpira unaodakwa ukigonga ring, haionekani, block haionekani, kiwiko nilichokula hakionekani. Mpira unaingia nyuma ya magodoro, halafu unatoka.

Nililalamika kwenye kikao. Mzee Haji akaniambia nilete hoja kwa maandishi.

Sule akachukua joho mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Likawa linamburuza. Amelivaa anaonekana kama mtoto kavaa koti la baba yake, anatembea amelishika mbele kwa mikono miwili. Mwaka wa tatu likazoa mchuzi sakafuni, likaanza mjadala kwenye group, lifanyweje.

Na mimi hapo ndipo nilipojiponza.

Nilikuwa kazini, uwanja umejaa, roho imejaa kinyongo. Nikaandika, neno kwa neno: "Waheshimiwa, kwa kuwa zama za masenta zimekwisha duniani na Tottenham, napendekeza joho likatwe lifikie kimo cha washindi wetu wa sasa. Tena likatwe mpaka magotini, lisije likamkwaza mtu akienda kupiga three."

Ilikuwa kejeli, wakuu. Mtoto mchanga angejua ni kejeli.

Mzee Haji akajibu: "Hoja imetolewa. Nani anaunga mkono?"

Vidole gumba vikaanza kumiminika. Watu ambao hata salamu za Idi hawajibu, siku hiyo wakaamka. Ndani ya dakika kumi Mzee Haji akaandika: "Hoja imepita bila kupingwa. Kwa mujibu wa kifungu cha tisa, mtoa hoja ndiye mtekelezaji. Tunampongeza kwa moyo wa kujitolea."

Ningeweza kusema natania. Neno moja tu. Lakini nitaonekanaje? Senta mzima, mshindi mara tatu, narudi nyuma mbele ya magadi? Nikaandika "Nashukuru kwa imani yenu," nikazima data.

Jumatatu nikalibeba mpaka Wembley kwa Bwana Jayanti, fundi yule yule aliyelishona. Ni Mhindi mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kinakuaibisha. Akalifungua mezani, akalipapasa, akalitambua.

"Hili lako," akasema.

"Lilikuwa langu. Kata hapa."

"Bwana, hapa nikikata nakata na darizi. Hii kazi ya mkono, sitaweza kuirudisha. Umefikiri?"

Nikamwambia kata. Akaniangalia tena, akakata. Nilitoka nje nikasimama kituo cha basi nikajifanya natafuta kadi mfukoni, kumbe machozi yananilenga. Ndiyo, mtu mzima. Cheka.

Wiki tatu baadaye Nasra akaja nyumbani na habari. Amepata mchumba, kijana wa familia ya Kizanzibari wanaokaa Wembley, wazee wake wanataka kuja. Mama yake akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Nikah ikapangwa wiki mbili baada ya chakula cha mwaka cha klabu.

Nasra akanikumbatia akasema, "Baba, you're wearing the joho, yeah? You promised."

Nikamwambia bila shaka, mwanangu.

Ukweli ni kwamba joho liko kwa Sule, limekatwa kwa mdomo wangu mwenyewe, na ili nilivae lazima niwe MVP. Urefu ningejua mbele ya safari. Kwanza ushindi.

Nikakaa nikapiga hesabu kama mtu mwenye akili. Kura zinafuata klipu. Klipu zinafuata three. Basi nahamia nje.

Nikanunua soksi ya mkono, ile ndefu wanayovaa magadi. Nikaanza kwenda park kufanya mazoezi na upepo wote wa Tottenham. Mpira wa kwanza ulipita juu ya ubao. Wa pili uligonga mti. Mke wangu, Mama Nasra, alikuja mara moja kuniletea koti, akasimama akaangalia kama mitupo mitano hivi.

"Baba Nasra, unamtupia nani?"

Nikaenda kuokota mpira. Wenye maono hawaeleweki.

Jumamosi ikifika nasimama kona, mbele kabisa ya simu ya kurekodia, mikono juu, naita mpira. Nikipewa narusha. Nikikosa najishika kiuno naangalia viatu vyangu kama vina kosa. Hiyo nimejifunza kwenye TV, gadi akikosa lazima kuwe na mtu wa kulaumiwa.

Chini ya ring hakukuwa na mtu. Timu ikaanza kupigwa. Tulipigwa na watu tuliokuwa tunawafunga tukiwa tumefunga Ramadhani. Rebound zote zao, na Sule aliyezoea kupita nyuma ya mgongo wangu sasa akawa anakutana na mibaba uso kwa uso. Siku moja nilimwona anagombea rebound na jamaa wanaomzidi mwili mara mbili, kajirusha kama paka. Aliikosa, lakini watu walimpigia makofi, maana magodoro hayakumficha, aliruka juu kuliko mlima wenyewe.

Mechi moja ilipokwisha akanifuata, anahema, mdomo umepasuka.

"Kaka, nakuomba rudi ndani. Peke yangu siwezi."

Nikampa mhadhara. Nikamwambia mchezo umebadilika, senta wa kisasa anacheza nje, asome historia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa kaka. Kijana hana hata ubishi, unajikuta wewe ndiye mbaya.

Mechi ya mwisho kabla ya kura ilikuwa dhidi ya Waswahili wa Croydon. Croydon wengi wetu tunaijua kwa lile jengo kubwa la Uhamiaji, kila mmoja ana barua yake ya kule. Sasa kule kuna timu, na wana masenta wawili wanene, ndugu, wanaofanya kazi ya kuhamisha samani. Nasra na mama yake wakaja kuangalia. Nasra alikuwa hajawahi kuniona nikicheza tangu ana miaka kumi.

Dakika ya mwisho tuko sare. Mimi niko kona yangu, mbele ya simu, niko peke yangu kabisa. Hata Croydon walishagundua hakuna haja ya kunikaba. Three moja tu hapo, ikiingia, klipu itazunguka familia zote, joho ni langu.

Mpira anao Sule. Ndugu mmoja wa Croydon anamfukuza, mwingine anakuja kumzibia mbele. Sule akaniangalia. Nikanyoosha mikono.

Halafu, wakuu, sijui nini kilitokea. Miguu ilikwenda yenyewe. Miaka thelathini ya mazoea ndiyo iliyoamua, kichwa hakikushirikishwa. Nikajikuta nimesimama katikati ya njia ya yule ndugu wa kwanza, mikono kifuani. Akanivaa. Nilirushwa mpaka nyuma ya magodoro, na kwa kuanguka nikamwangukia na wa pili.

Nikiwa chini nikasikia kelele. Sikuona kitu. Nikainua shingo nikaangalia sura za watu, nikajua tumeshinda.

Klipu ilitoka jioni hiyo. Sule anaonekana peke yake, uwanja mzima mweupe, anarusha anavyotaka, inaingia. Mimi nimo pia. Kushoto kabisa, kwa nusu sekunde, kuna kiatu kimoja kinatoka nyuma ya magodoro. Ni changu.

Usiku wa kupiga kura nilisoma katiba. Kifungu cha kumi na mbili, mchezaji haruhusiwi kujipigia kura. Nikawaza nani atajua. Nikajipigia. Nilimwandikia Mzee Haji jina langu kamili, nikaweka na "kwa heshima".

Chakula kilikuwa Jumapili mchana, pilau na kachumbari, watoto wanakimbizana. Mzee Haji akavaa miwani akasoma matokeo. Kura zote kwa Sule, isipokuwa, akasema huku akishusha karatasi, "Baba Nasra, kura mbili."

Mbili. Moja najua imetoka wapi.

Sule akavishwa. Limemkaa vizuri sana, ubaya ni huo. Nikapiga makofi na kila mtu, nikarudi kwenye pilau yangu.

Kwenye basi nikamwegemea mke wangu nikamwambia kwa upole, "Ahsante kwa kura."

"Kura gani?"

"Si ile uliyonipa."

"Mimi nilimpa Sule." Hata hakugeuka. "Kura ni amana, Baba Nasra. Nikaulizwe Akhera nilimchagua nani, niseme nilimchagua mume wangu aliyekuwa anatupa mipira kwenye miti?"

Basi, nikamgeukia Nasra aliyekuwa kiti cha mbele. Nikamwambia kwa hiyo ni wewe mwanangu, Mungu akubariki.

Akatoa earphone moja. "Sorry, Baba. I voted for Sule as well. You were rubbish this year. No offence."

Nyumba nzima, wakuu. Nyumba ninayoilisha.

Nikamwambia kuhusu joho. Kwamba sitalivaa, kwamba lilikatwa, na aliyesababisha likatwe ni mimi. Nilimweleza yote, kejeli, hoja, fundi. Alinisikiliza, akasema, "It's fine, Baba," akarudisha earphone sikioni, akageukia dirishani. Angenigombeza ningepata nafuu. Ile "it's fine" iliniuma, na sifichi, nililala nayo wiki mbili.

Siku ya nikah ikafika. Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri, msikitini Wembley. Nimevaa kanzu mpya na koti langu la kazini, jeusi, nimeondoa ile nembo. Wanaume tumekaa chini kwenye zulia, wanawake ukumbi wa pili wanatuona kwenye skrini. Mimi ndiye walii, nimekaa nimeelekeana na bwana arusi, sheikh katikati.

Mara mlangoni anaingia Sule. Kavaa joho.

Damu ilinichemka. Kwenye shughuli yangu? Mbele ya wakwe zangu? Nikasema moyoni huyu amekuja kunikoga, na nikimaliza kuozesha tutaonana parking. Watu wakampisha, akaja akakaa ubavuni kwangu kabisa, tena bila kualikwa kukaa hapo.

Sheikh akasoma hotuba. Akaniambia nishike mkono wa kijana. Nikanyoosha mkono.

Hapo nikahisi kitu kizito mabegani. Sule amelivua, ananivika, taratibu, bila kusema na mtu. Mzee Haji alikuwa safu ya pili na katiba yake yote kichwani. Nilimtupia jicho. Alikuwa anaangalia taa za dari kwa makini, kama anazihesabu.

Sule akaniinamia sikioni. "Kaka, kura ile ilikuwa yangu. Mimi najua njia huwa inafunguliwa na nani."

Wakuu, nilitakiwa kusema maneno ya kuozesha, sauti haitoki. Sheikh akayarudia. Nikajaribu tena, ikatoka ya mtu mwenye mafua. Kijana akajibu nimekubali, watu wakasema maashallah, na ng'ambo ya ukuta vigelegele vikapasuka.

Nikiwa bado nimekaa hakuna aliyejua kitu, joho limekaa sawasawa. Nikasimama kupokea mikono. Likanifika juu ya magoti, mtu mzima wa futi sita na inchi tano, kama nimevaa kizibao cha mganga. Msikiti ulicheka. Baba wa bwana arusi akaniuliza kwa adabu kama ndio mtindo wa Dar siku hizi. Nikamwambia ndiyo, umeingia mwaka huu.

Nasra nilimkuta nje, na shela lake. Alinitazama juu mpaka chini, akaanza kucheka, kisha akaficha uso kwenye darizi akalia mpaka ikalowa. Hakusema "it's fine".

Kwenye chakula nilimfuata Sule nimwombe radhi. Nilimweleza hata kile kifungu cha kumi na mbili. Nikamwambia wewe ulinipigia mimi, na mimi nilijipigia mwenyewe, nisamehe.

Akacheka. "Kaka, hilo tunalijua kamati nzima. Ulimtumia Mzee Haji jina lako kutoka kwenye namba yako."

Mzee Haji alikuwa anakula pembeni yetu. Akafuta vidole kimoja kimoja.

"Kikatiba kura ile ilikuwa imeharibika," akasema. "Tulikaa kikao. Tukaona mtu hawezi kusomewa kura moja mbele ya mwanawe anayeolewa. Tukaihesabu."

Hebu fikirieni. Mzee aliyeandika kifungu cha maganda ya machungwa. Kavunja katiba mara mbili kwa ajili yangu, na mimi mwaka mzima nilikuwa namwona adui wa masenta.

Sasa nilichojifunza. Usiandike kejeli kwenye group lenye katiba, hilo la kwanza. Na la pili, bado naamini masenta tumedhulumiwa, Marekani na Tottenham, na kura za klipu ni za kipuuzi, hapo simwachii mtu. Ila miaka yote hii nilikuwa nataka wanaotazama simu ndio wanione, na kumbe aliyekuwa ananiona alikuwa anapita nyuma ya mgongo wangu kila Jumamosi.

Nimerudi chini ya ring. Soksi ya mkono nimeigawa. Mwaka huu kura yangu inakwenda kwa Sule, na nimeshamwambia Mzee Haji mapema asiitishe kikao.

Masenta mliomo humu, nyoosheni mikono niwaone. Magadi nanyi karibuni mseme yenu, ila kabla hujaandika mkumbuke kwanza aliyekuzibia mtu njiani ukarusha peke yako, na kama yupo hai mpigie simu.